Darasa la Kidenmaki la Chumbageni: nyota nne, ya tano nimeibania

Naona kila wiki mtu anauliza kwenye magrupu ya hapa Tanga lile darasa la Kidenmaki la Chumbageni likoje, ni la kweli au watu wanaliwa hela, nikaona bora niandike mara moja yaishe. Jina la mwalimu silitaji kwa sababu si kampuni wala hana bango, ni dada wa hapa hapa mjini aliyekaa Aarhus huko Denmaki miaka mingi akarudi kwao, anafundishia barazani kwake Jumamosi baada ya adhuhuri halafu katikati ya wiki anaturushia rekodi WhatsApp. Anayemtaka ataelekezwa, hapa mjini nani hamjui nani.

Kwa wale wavivu wa kusoma: darasa zuri, hela inaenda kihalali, mwalimu kaiva, ila kuna pengo moja ambalo nimelisema mbele yake na nalisema hapa pia, na ndilo lililoibania ile nyota ya tano.

Mnaoshangaa Kidenmaki cha nini Tanga, kila mtu pale ana lake. Mie mdogo wangu ameolewa huko, magharibi ya Jylland, ile rasi kubwa ya Denmaki, upande wa Holstebro, na wakwe zake wanasema watakuja kututembelea, sasa nimechoka kukaa kwenye video call natabasamu tu huku sijui naambiwa nini. Kuna kijana anayetembeza wageni mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, kuna binti anasubiri makaratasi aende kulea watoto kwa mkataba, na kuna baba mmoja mtu mzima mke wake yuko Odense na yeye anataka kumfuata. Bei ni laki na themanini kwa miezi mitatu, unakubaliwa kutoa kidogo kidogo, M-Pesa au mkononi, na kahawa na kashata ni juu ya mwenye nyumba. Sijaona mahali pengine mjini hapa unapopata kitu kama hicho kwa hela hiyo, kwanza sijaona mahali pengine kabisa.

Ufundishaji wenyewe. Kidenmaki cha kuandikwa na Kidenmaki cha kusemwa ni ndugu wasiosalimiana, hilo mwalimu alituambia siku ya kwanza ili asije mtu akamlaumu baadaye. Herufi zimeandikwa nyingi, mdomoni zinatoka chache, mwisho wa neno unamezwa, d inalainika mpaka huijui, na vokali zao mie niliyezoea a e i o u zangu tano nilitaka kurudishiwa hela. Namba ndo usiseme, hamsini yao halvtreds imejengwa kwa kuhesabu ishirini ishirini, ni mbili na nusu mara ishirini, na wao wenyewe hakuna anayepiga hesabu hiyo, wanatamka tu wanapita. Hapo mwalimu hakai sana, anasema kariri twende, na mie naona kafanya vizuri.

Alipokaa sana ni kwenye kitu wanaita stød. Ni koo linakaba pumzi kidogo katikati ya neno halafu linaachia, basi, lakini hako kakukaba kanabadilisha neno zima. Hun ni yeye, mwanamke. Hund ni mbwa, na d yenyewe haisikiki, kinachotofautisha hapo ni koo tu. Sasa yule baba wa Odense anajitahidi kusema "yeye ni mke wangu" na kila akijikaza koo linakaba lenyewe, mwalimu anamwambia baba legeza, legeza, utafukuzwa nyumbani, tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia kuna nini. Tumetoka jasho na hiyo stød wiki na wiki. Halafu siku mtu keshaanza kuipata, mwalimu anatuambia kwa utulivu kabisa kwamba visiwa vya Lolland na Falster na Bornholm, na upande wa kusini wa kisiwa cha Fyn, lahaja zao za asili hazina stød. Hawakabi. Ni Wadenmaki wa kuzaliwa, bibi zao na mabibi wa bibi zao wameishi na kufa bila kukaba.

Yule kijana wa Amboni akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo, sasa mwalimu sisi tunafundishwa Kidenmaki cha nani?

Hapa ndo darasa lilipoanza kunoga, maana mwalimu aliacha kitabu. Akasema tunachofundishwa kinaitwa rigsdansk, Kidenmaki cha ufalme mzima kwa jina, lakini kwa asili ni Kidenmaki cha Copenhagen, cha watu waliosoma wa mji mkuu. Hakuna kikao kilichokaa kikapiga kura. Sisi kwetu kilikaa, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja cha mjini, na ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930 ikakifanya ndo sanifu, na Kimtang'ata chetu na Kimrima na Kimvita na Kiamu vikabaki kuwa lahaja. Wao wana baraza lao la lugha, Dansk Sprognævn, la mwaka 1955, lakini kazi yake kubwa ni maneno na tahajia, kamusi yake ya tahajia ndo shule na ofisi za serikali zinatakiwa kuifuata, matamshi haliyatungii sheria. Matamshi yalijipanga yenyewe kufuata mji wenye mfalme, chuo kikuu, magazeti, na kuanzia 1925 redio. Na baraza lenyewe siku hizi hata halipo Copenhagen, 2019 lilihamishiwa Bogense, mji mdogo kisiwani Fyn, lakini matamshi hayakuhama nalo.

Nchi yenyewe ndogo, kilometa za mraba kama elfu 43, watu kama milioni 6, mkoa wetu wa Tanga peke yake ni zaidi ya nusu ya nchi yao. Na bado zamani mtu wa Bornholm na mtu wa Jylland ya magharibi wangekaa meza moja kila mtu na lugha yake. Bornholm wana jinsia tatu za nomino (chukulia kama ngeli zetu), Copenhagen mbili, Jylland ya magharibi moja tu. Bornholm iko mbali mashariki, karibu na Sweden kuliko na Denmaki yenyewe, 1658 ilitolewa kwa Waswidi kwa mkataba, watu wakaasi mwaka huo huo, 1660 ikarudi. Kusini kabisa mwa Jylland kulikuwa chini ya Wajerumani tangu vita ya 1864 mpaka kura ya 1920, na lahaja ya huko mpaka leo ina nguvu kuliko nyingi. Lakini kwa jumla lahaja za Denmaki zimefutika kwa kasi ambayo huioni sana Ulaya, vijana wa mikoani siku hizi maneno na sarufi ni vile vile vya Copenhagen, kilichobaki ni tuni, ule mwimbo wa sentensi, inapopanda na inaposhuka.

Sasa somo lenyewe ninalotaka kulisifia. Jumamosi hiyo tumefika tumekuta karatasi kila mtu na yake, mwalimu hasemi kitu. Akawasha spika, akasema mtasikia vijana mmoja mmoja, sekunde chache kila mtu, wote wanaongelea jambo moja, mwalimu mzuri ni wa namna gani. Kila mmoja mpeni alama. Huyu ana akili? Anaaminika? Yuko makini? Ana malengo? Anajiamini? Anavutia au anaboa? Mkarimu? Ni mtu poa au mshamba? Tukajaza. Sisi wote tulibahatisha, maana hata kusikia tu anasema nini ni kazi, tutajuaje nani mshamba. Mwalimu akakusanya, akaangalia, akasema mmeona, ninyi hamsikii kitu, Mdenmaki akisikia sekunde hizo chache keshajua huyu wa wapi na keshampangia maisha.

Akatuambia hilo jaribio hakulitunga yeye, kaliiga kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kuna bwana anaitwa Tore Kristiansen ambaye kazi yake kubwa ya maisha ni hii, kutafuta Wadenmaki wa kawaida, si wataalamu, wanazionaje lafudhi zao. Walikwenda kwa vijana wa shule sehemu mbali mbali, Copenhagen, Næstved kisiwani Sjælland, Vissenbjerg kisiwani Fyn, Odder na Vinderup huko Jylland. Vinderup nilishtuka, ni huko huko kwa wakwe zetu. Wanafunzi wanasikilizishwa sauti, za Copenhagen za aina mbili na za kwao wenyewe, wanatoa alama, na ujanja wote uko hapa, hawaambiwi kwamba jaribio ni la lugha. Wanadhani wanapima watu. Wakishamaliza ndo wanapewa karatasi nyingine yenye majina ya lahaja, wazipange wanavyozipenda.

Matokeo yakawa mambo mawili yasiyopatana kichwani mwa mtoto mmoja. Kwenye karatasi ya majina, kijana anapandisha rigsdansk na lahaja ya kwao juu kabisa, na kile kilichoandikwa "Kicopenhagen" anakisukuma chini, maana watu wa mikoani wana neno lao la kuwasema watu wa mji mkuu, københavnersnude, pua ya Copenhagen, kwamba wanajiona. Lakini kwenye sauti, pale asipojua anapimwa nini, kila mahali mambo yanageuka. Sauti ya kwao inashika mkia. Si kwa upoa tu, kwa karibu kila kitu, akili, kuaminika, kujiamini. Na waliokuwa wanaizomea Copenhagen kwa jina ndo hao hao wanaipa alama za juu kwa sauti.

Na Copenhagen yenyewe imegawanyika. Kuna lafudhi ya kihafidhina, ya watu wa heshima zao, ukitaka mfano sikiliza hotuba za mwaka mpya za malkia Margrethe, mwalimu alitupa kipande cha ile ya 31 Desemba 2023 aliyotangaza anaachia kiti, tumeirudia sana. Na kuna lafudhi ya kisasa, ambayo mengi yake yalianzia kwa watu wa kawaida wa mitaa ya wafanyakazi wa mji huo, zamani yalikuwa yanakemewa shuleni. Ya kihafidhina vijana wanaipa alama nzuri kwenye akili na umakini na uaminifu. Ya kisasa wanaipa upoa, kujiamini, mvuto. Yani moja ya ofisini moja ya mjini, na zote mbili zimetoka mji ule ule, halafu ya nyumbani haikupewa hata kachumba ka kupangisha.

Kilichonifanya nikae kimya kidogo ni hili, waliotoa alama hizo si watu wa Copenhagen wanaowadharau wa mikoani. Ni watoto wa mikoani wenyewe. Na Kristiansen anachosema ni kwamba ukitaka kujua lahaja itakwendaje, usimsikilize mtu anachosema anakipenda, angalia zile alama alizotoa akiwa hajui, maana lahaja za Denmaki zimekwenda kwa njia hiyo hiyo ya alama za siri, hazikufuata mapenzi ya mdomoni.

Aliwahi pia kufanya jambo moja ndani ya jumba la sinema kule Næstved ambalo mie nimelipenda kwa ujanja wake. Watu wamekaa wanasubiri filamu, kipaza sauti kinawaomba wajaze karatasi fulani, siku hii kwa lafudhi hii, siku nyingine kwa lafudhi nyingine. Humuulizi mtu chochote kuhusu lugha, unahesabu tu wangapi wamejisumbua kujaza. Kazi nzuri hiyo, hakuna wa kukudanganya.

Wiki iliyofuata yule kijana wa Amboni akasema mwalimu fanya na ya kwetu tuone. Akafanya. Sauti nne za Kiswahili, wote wanaeleza kupika wali wa nazi, mwanamke wa Pangani mtu mzima, kijana wa Dar, mtu wa Mwanza na mpemba. Kabla ya kusikiliza aliuliza kwa mdomo kwanza, Kiswahili kizuri kiko wapi, baraza zima Tanga, Tanga, mmoja akamtaja Shaaban Robert kwamba kazaliwa hapa Vibambani 1909 kwa hiyo mjadala umefungwa, mwingine akasema Unguja akazomewa. (Mwalimu mwenyewe alikiri kafanya kinyume, majina yalitakiwa yaje mwisho, lakini ndo hivyo, watu wa Tanga ukishawagusa hapo huwazuii.) Kisha sauti. Kijana wa Dar akazoa alama zote za upoa na kujiamini, mtu wa Mwanza wakasema msomi huyu, mpemba wakasema mwaminifu ila wakacheka, na mama wa Pangani akapewa mkarimu, mtu wa Mungu, halafu kwenye elimu baba wa Odense akaandika "hajasoma". Mwalimu akasema ahsante, huyo ni shangazi yangu, mwalimu mkuu mstaafu, kasomesha nusu ya Pangani.

Baba wa watu alitafuta kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kunywewa.

Najua sisi si Denmaki. Mtanzania ana Kidigo au Kibondei au Kisambaa nyumbani kisha Kiswahili, Mdenmaki wa Vinderup ana Kidenmaki hicho hicho kimoja, akiiacha lahaja ya babu yake hana nyingine ya kurudia. Kwetu lahaja ya pwani imeheshimika kwenye mashairi na taarabu, kwao lahaja ya kijijini mara nyingi utaisikia kwenye vichekesho. Lakini tangu siku hiyo nawasikia ma-MC wa harusi hapa mjini kwa sikio jingine, kijana kazaliwa Makorora kalelewa Ngamiani, akishika maiki tu anakuwa wa Kinondoni. Na sisi hao hao tunaosema Kiswahili chetu ndo chenyewe ndo tunaomlipa.

Shemeji yangu nimemjaribu. Nilimuuliza kwenye video call, kwa Kiingereza maana Kidenmaki changu bado cha kuomba maji, anaipenda lahaja ya baba yake? Akasema sana, ndo roho ya kwetu, akaongea kwa furaha kabisa. Nikamuuliza wewe unaiongea? Akasema naielewa. Na mtoto je? Akacheka, mdogo wangu naye akacheka, mazungumzo yakahamia hali ya hewa. Hakuna ubaya wowote pale, ni mtu mwema sana shemeji yangu, lakini ile karatasi mbili za Kristiansen nimeziona zote kwenye uso mmoja ndani ya dakika moja, na nisingejua naangalia nini bila lile somo. Hiyo peke yake imenirudishia laki yangu.

Sasa lile pengo. Rekodi zote anazotuma mwalimu WhatsApp, zote, ni rigsdansk ya Copenhagen. Habari, mazungumzo dukani, daktari, kupanda basi, yote sauti ile ile safi ya studio. Darasani tumefundishwa lafudhi zipo na watu wanazionaje, vizuri kabisa, lakini sikio halikupewa mazoezi. Mie nikija kwa bamkwe wa mdogo wangu, mzee wa miaka sabini na kitu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, sishiki hata neno. Pale ninaposubiri jeg kwa "mimi" yeye anasema a. Pale nilipofundishwa kubandika kiishio nyuma ya neno, huset, nyumba ile, yeye anaweka mbele, æ hus. Nikamwambia mwalimu, naomba rekodi za Jylland basi hata mbili. Akaniambia utachanganyikiwa, simama kwanza kwenye moja.

Nikamwambia mwalimu wangu, we mwenyewe umekaa Aarhus, Aarhus si Jylland?

Alicheka. Lakini hakukwepa, na nampa haki yake hapa, hoja zake si mbovu. Kwanza Aarhus ni mji wa pili kwa ukubwa, vijana wa chuo pale wanaongea karibu sawa na Copenhagen ukitoa ile tuni. Pili watu wanalipa wafaulu mitihani, ile Prøve i Dansk, na mtihani haukuletei mzee wa ng'ombe. Tatu, na hii aliisema taratibu, mgeni akijitia lahaja ya kijijini watu wanamuona anaigiza, wanacheka, wanamjibu kwa Kiingereza, akiongea rigsdansk hata mbovu wanavumilia. Yeye kaishi huko, mie sijaishi, siwezi kumbishia. Ila nilimkumbusha kwamba kila anapotuigizia mtu wa Jylland barazani anavimbisha mashavu na kuongea polepole kama anatafuna kitu, na mtu wa Copenhagen hajawahi kumuigiza hivyo hata siku moja. Yani yeye aliyetufundisha habari za alama za siri na yeye anazo zake. Akasema kweli bwana, akaguna, akamimina kahawa.

Msimamo wangu haujabadilika, kusema niseme moja, kusikia nisikie zote. Mtu anayejifunza Kiswahili kwa kitabu cha sanifu akishuka stendi ya Kange hakutani na kitabu, anakutana na konda. Mwanafunzi anayekwenda Copenhagen darasa hili linamtosha kabisa. Anayekwenda kwa wazee wa Jylland, Bornholm, au kusini kule mpakani na Ujerumani, anafundishwa mdomo, masikio anajitafutia.

Kwa kunifariji alinitumia rekodi moja ya nyongeza, na hii wenzangu kaitafuteni maana ni maarufu kwao. Sentensi nzima ya Jylland isiyo na konsonanti hata moja: a æ u å æ ø i æ å. Maana yake niko huko kisiwani, kwenye kisiwa cha mtoni. Kwa rigsdansk ni jeg er ude på øen i åen, nayo si kwamba ni rahisi lakini angalau unaona pa kushika. Nilimrushia mzee kwenye video call wiki ile ile, sentensi nzima nimeikariri kwa sauti ya mwalimu. Mzee alinyamaza kwanza. Kisha akaita mkewe jikoni aje asikie, kisha akanirekebisha vokali ya tatu, akarekebisha ya nne, akarekebisha ya mwisho, mdogo wangu pembeni anakufa kwa kicheko, na tangu hapo mzee ananifundisha bure kila Jumapili, sentensi moja moja, kwa spidi yake ya shambani. Shemeji naye anakaa pembeni kusikiliza siku hizi, anasema kuna maneno alikuwa keshayasahau.

Kwa hiyo kama unauliza ulipe au usilipe. Mwenye mtihani, mwenye makaratasi ya kumfuata mwenza, anayetembeza wageni, lipa bila wasiwasi, mwalimu hachoki kurudia na hamcheki mtu (isipokuwa wa stød, na hapo hata wewe utajicheka). Anayetaka kufundishwa kwa Kiingereza chote asiende, pale maelezo ni Kiswahili na ndo raha yake. Anayetaka vyeti vya ukutani asiende pia. Mwenye mkwe wa kijijini alipe, lakini aombe rekodi za lahaja siku ile ile anayotoa hela, akiomba mapema na wakiomba wengi ataziweka, mwenyewe kaniambia anafikiria kumwomba mama mmoja anayemjua Bornholm amsomee vipande. Akifanya hivyo nitarudi hapa kuongeza nyota.

Darasa jipya linaanza baada ya Idi, nafasi ni chache kwa sababu baraza si kubwa. Feni iko upande wa mlangoni, wahini mkae huko. Na beba hedfoni zako za waya, spika ya simu inaimeza stød yote, utakaa wiki nzima unadhani wanaongelea mwanamke kumbe ni mbwa.